Protini za vijichembe vya seli nyekundu: mwongozo kwa anayeanzia kazi hii Dodoma

Mwongozo huu nimemwandikia mtu wa maabara hapa Dodoma, awe mwanafunzi wa uzamili chuoni au mtaalamu wa damu hospitalini. Ana sentrifuji nzuri, ana friza ya nyuzi −80 na ana swali kichwani, ila spektrometa ya masi, mashine inayotambua protini kwa kupima uzito wa vipande vyake, iko mbali naye. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: kazi ya protini za vijichembe hivi, yaani vifuko vidogo vinavyomeguka kutoka kwenye utando wa seli nyekundu, mara nyingi huharibikia kwenye sindano, kwenye ndoo ya sentrifuji, na kwenye friza usiku umeme ukikatika. Mashine ya gharama inayokuja mwishoni hupima chochote ulichoipelekea. Ukiipelekea albumini, protini iliyojaa kwenye plazma, itakupa albumini.

Tukumbushane kidogo. Seli nyekundu huishi takriban siku 120, na katika maisha hayo hupoteza karibu asilimia 20 ya himoglobini yake, sehemu kubwa ikiondoka ndani ya vijichembe vinavyomeguka kutoka kwenye utando. Ukubwa wa vijichembe hutajwa kuwa kati ya nanomita 100 na 1,000, na vya seli nyekundu vingi viko upande wa chini wa kipimo hicho. Mwaka 1967 Peter Wolf alieleza "vumbi" la chembe sahani ndani ya plazma, na tangu hapo ikajulikana kwamba karibu kila seli ya damu humegua. Kwenye seli nyekundu kinachoanzisha mambo mara nyingi ni kalsiamu kuingia ndani: fosfatidilserini, aina ya mafuta iliyokuwa upande wa ndani wa utando, inageukia nje, utando unaachana na nguzo zake za protini ya spektrini, kipande kinajifunga na kuondoka. Ndiyo maana kijichembe hubeba Band 3 na stomatini, protini za utando, kwa wingi, huku spektrini ikibaki nyuma. Vijichembe huongezeka kwa mgonjwa wa selimundu, kwenye malaria, na ndani ya chupa ya damu iliyokaa benki.

1. Chagua chanzo kabla ya kuchagua kipimo

Wengi huanza na plazma ya mgonjwa kwa sababu hapo ndipo penye swali la kitabibu. Ushauri wangu ni kuanza na damu iliyohifadhiwa. Ndani ya plazma vijichembe vya seli nyekundu ni wachache kati ya vya chembe sahani, vya seli nyeupe na mafuta ya lipoprotini ambayo kwa idadi huwazidi wote. Chupa ya damu inayokaribia kuisha muda inakupa vijichembe vingi vya kujifunzia, ukosee, urudie, bila kumtoboa mtu tena. Omba chupa zilizokwisha muda kupitia uongozi wa maabara na Mpango wa Taifa wa Damu Salama, kwa maandishi.

Angalizo moja kubwa hapa. Makala nyingi utakazosoma kutoka Ulaya zilitumia seli nyekundu zilizochujwa seli nyeupe na kuwekwa kwenye kimiminika cha nyongeza, zikahifadhiwa hadi siku 42. Ikiwa chupa uliyopewa ni ya damu nzima katika CPDA-1 (kimiminika cha kuzuia damu isigande), ukomo wake ni siku 35, na seli nyeupe na chembe sahani zimo. Seli nyeupe zinapokufa humwaga vimeng'enya vinavyokata protini. Kuchuja mwishoni hakusaidii kitu, kwa kuwa madhara yameshafanyika. Ukitaka kulinganisha matokeo yako na ya wenzako, chuja siku ya kwanza, au andika wazi kwamba hukuchuja na usilinganishe.

Ukishaweza kupata matokeo yaleyale mara tatu kutoka kwenye chupa, ndipo uende kwa mgonjwa.

2. Vibali na ridhaa

Anza na kamati ya maadili ya taasisi yako, kisha Kamati ya Taifa ya Maadili ya Utafiti wa Afya iliyo chini ya NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) pale inapohitajika. Kama sampuli itatoka nje ya nchi, mkataba wa kuhamisha sampuli ushughulikie tangu siku ya kwanza. Ukingoja hadi friza ijae, sampuli zitazeeka zikikusubiri.

Ridhaa iandikwe kwa Kiswahili cha mtu wa kawaida, na kwa wazee wa Bahi au Chamwino uwe na msaidizi anayezungumza Kigogo. Hofu ya mumiani bado ipo, na mtu akisikia damu yake "inasafirishwa" ana haki ya kuuliza. Mwambie kiasi kwa kipimo anachokijua: mililita 10 ni vijiko viwili vya chai. Mwambie pia kwamba majibu hayatabadilisha matibabu yake wiki hii. Huo ndio ukweli.

3. Kuchukua damu

Hapa ndipo pa kutulia. Sindano iwe ya geji 21 au pana zaidi. Mpira wa kufunga mkono uwe umelegea na ufunguliwe mara damu inapoanza kutoka. Mililita mbili au tatu za mwanzo ziende kwenye tyubu nyingine, kwa sababu zina mabaki ya jeraha la sindano. Tumia tyubu ya sitreti ya asilimia 3.2. Ijaze hadi alama, maana sitreti ikizidi au ikipungua, kalsiamu inabadilika na kila kitu kinabadilika nayo.

Mtu afike bila kula, asubuhi, kabla ya chai na maandazi. Mafuta ya chakula huingia damuni kama vifuko ambavyo kwa ukubwa vinafanana na vijichembe vyako, na sentrifuji haijui kuvitofautisha.

Usitikise tyubu. Ibebe imesimama, ndani ya kishikio, isibingirike kwenye kiti cha nyuma cha bodaboda. Lenga kuanza kuzungusha ndani ya saa mbili. Kwa maana hiyo, sampuli ya Mpwapwa au Kondoa haiwezi kusubiri ifike mjini. Peleka sentrifuji ndogo huko, au panga na hospitali ya wilaya hatua ya kwanza ifanyike palepale, na kinachosafiri kiwe plazma iliyokwisha kusafishwa na kugandishwa.

Kwa mgonjwa, andika: mara ya mwisho kuongezewa damu, kama anatumia dawa ya selimundu ya hydroxyurea, kama yuko kwenye maumivu makali au ametulia, na kipimo cha malaria. Dodoma si Kanda ya Ziwa kwa malaria, lakini pima hata hivyo, ukijua kwamba kipimo cha haraka kinachotafuta HRP2, protini ya vimelea vya malaria, kinaweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya vimelea kwisha. Slaidi chini ya hadubini itakupa jibu la leo.

4. Kuzungusha: andika g, usiandike mizunguko

Fundi mmoja akikwambia "zungusha elfu nne", muulize rota ina nusu kipenyo gani. Nguvu halisi ni 0.00001118 × nusu kipenyo kwa sentimita × mizunguko kwa dakika ikizidishwa yenyewe. Kwa rota ya sentimita 10, mizunguko 4,730 ndiyo inayokupa 2,500 × g. Kwa rota nyingine namba hiyohiyo ni kitu kingine kabisa.

Utaratibu unaokubalika sana kwa plazma ni 2,500 × g kwa dakika 15, mara mbili, kwenye joto la chumba, bila breki kali. Joto la chumba hapa lina maana ya nyuzi 20 hadi 25. Chumba kisicho na kiyoyozi mwezi wa Oktoba hakihesabiki. Usinyonye plazma hadi chini: acha kama sentimita moja juu ya seli katika mzunguko wa kwanza, na kiasi kidogo tena kwenye wa pili. Tamaa ya matone ya mwisho ndiyo huleta chembe sahani. Zikibaki na ukagandisha, zitapasuka, na vipande vyake vitaonekana kama vijichembe. Kosa hilo halisafishiki tena.

Kukusanya vijichembe vyenyewe, 18,000 hadi 20,000 × g kwa dakika 30 hutosha kwa vikubwa. Vidogo zaidi vinahitaji 100,000 × g, mashine ambayo maabara nyingi hazina. Mbadala mzuri na wa bei nafuu ni safu ya shanga za Sepharose CL-2B iliyopakiwa ndani ya bomba la sindano: vijichembe hutoka mwanzo, protini huru za plazma hutoka baadaye. HDL, lipoprotini ndogo, nyingi itabaki nyuma nazo. LDL, lipoprotini kubwa kuliko HDL, na mafuta makubwa hayaondoki yote, kwa hiyo tarajia apolipoprotini B, protini yake, kwenye orodha yako na usishtuke.

Kipime pia kile kisichoonekana: himoglobini iliyomwagika. Plazma yenye wekundu ina seli zilizopasuka, na vipande vya utando wa seli iliyopasuka havijamegwa na seli hai. Soma ufyonzaji wa mwanga kwenye nanomita 414, weka kiwango cha kukataa kabla hujaanza utafiti, na ukiheshimu hata kama sampuli ni ya mgonjwa adimu.

5. Friza, umeme na safari

Gawa sampuli vikombe vidogo ili kila kimoja kiyeyushwe mara moja tu. Gandisha haraka, yeyusha haraka kwenye nyuzi 37.

Ile mbinu ya sarafu juu ya barafu ndani ya kikombe itakuambia kama friza iliyeyuka kabisa, kwa kuwa sarafu itakuwa imezama. Haitakuambia kwamba ilipanda kutoka −80 hadi −30 kwa usiku mzima kisha ikarudi. Nunua kifaa kinachorekodi joto na uwe na makubaliano na mtu mwenye ufunguo wa jenereta. Sampuli za mgonjwa mmoja zigawanye friza mbili zenye njia tofauti za umeme, kama jengo linaruhusu.

Kwa safari ya Dar es Salaam utahitaji barafu kavu, iliyo kwenye nyuzi −78.5 hivi. Inageuka kuwa gesi ya kaboni dioksidi, kwa hiyo boksi lisifungwe likabana, na gari liwe na madirisha wazi. Kabla ya kupanda nayo treni ya SGR au ndege, uliza masharti mapema. Usigundue mlangoni.

6. Thibitisha ulichonacho

Jumuiya ya watafiti wa vijichembe ina miongozo ya vigezo vya chini iitwayo MISEV, iliyotoka 2014, 2018 na 2023. Isome. Kwa ufupi inakutaka uonyeshe protini zinazopaswa kuwapo, zile zisizopaswa kuwapo, na picha au kipimo cha ukubwa.

Kwa seli nyekundu alama ya kutafuta ni glikoforini A, yaani CD235a. Tafuta pia CD41 ya chembe sahani na CD45 ya seli nyeupe ili ujue wageni ni wangapi. Saitometa (mashine zinazohesabu chembe kwa mwanga) za kawaida nyingi haziwezi kuona chembe moja moja iliyo chini ya nanomita 300 hivi. Zinachoona ni kundi limepita kwa pamoja. Punguza sampuli nusu kwa nusu: hesabu ikipungua kwa uwiano huohuo, uko salama. Kisha ongeza sabuni ya Triton X-100 kidogo. Vijichembe vya kweli hutoweka.

Kuna mtego hapa ambao umepoteza watu wengi. Aneksini V, protini inayotumika kutambua vijichembe, inahitaji kalsiamu ili ishike fosfatidilserini. Ukiweka kalsiamu kwenye bafa ya fosfeti, inaganda kuwa punje ndogo za kalsiamu fosfeti zinazofanana kabisa na vijichembe kwenye skrini. Tumia bafa ya HEPES, uichuje, na upime bafa tupu kabla ya sampuli. Na usiseme kila kijichembe hushika aneksini V, kwa sababu vingine havishiki.

7. Himoglobini

Karibu asilimia 97 ya protini ndani ya seli nyekundu, ukiacha utando, ni himoglobini, na vijichembe huibeba. Kutafuta protini adimu humo ni kama kumsikiliza mtu anayenong'ona katikati ya Soko la Majengo. Spektrometa huchagua kwanza peptidi (vipande vya protini) zenye nguvu, na muda wote unaishia kwenye globini.

Kuna njia tatu, na kila moja inadai kitu. Ya kwanza ni kuvipasua vijichembe kwa sodiamu kaboneti ya moli 0.1, pH 11, na kukusanya utando peke yake kwa mzunguko wa nguvu. Unabaki na Band 3 na stomatini, unapoteza vilivyokuwa ndani. Ya pili ni shanga zenye nikeli, zinazoshika himoglobini. Ni haraka, ila zinaondoka na protini nyingine, na hutajua zipi bila kupima kilichoshikwa.

Ya tatu ndiyo ninayoipendekeza kwa anayeanza: jeli. Endesha protini kwenye SDS-PAGE, jeli inayozitenganisha kwa ukubwa, minyororo ya globini itakaa karibu na kilodaltoni 15 hadi 16, ukate kipande hicho peke yake na sehemu nyingine ya njia vipande vinne au vitano. Ni kazi ya wembe na subira, lakini hukutupa kitu, na jeli yenyewe ni ushahidi unaoonekana kwa macho. Mkanda mnene wa kilodaltoni 66 ukionekana, hiyo ni albumini, na usafishaji wako bado. Spektrini ikijaa juu karibu na 220 na 240, huenda ulichokusanya ni vipande vya seli zilizopasuka. Glikoforini usiitafute kwa rangi ya Coomassie, kwani sukari zake huizuia isishike rangi vizuri. Hata kwenye spektrometa hutoa peptidi chache, kwa hiyo kukosekana kwake kwenye orodha hakuthibitishi lolote.

Ukisema "nimeondoa uchafu wa himoglobini", utakuwa umechanganya mambo mawili. Iliyo nje ya kijichembe ni uchafu. Iliyo ndani ni mzigo wake halali.

8. Kukata protini na kulinda sampuli dhidi yako mwenyewe

Trypsini, kimeng'enya cha kukatia protini kuwa peptidi, hukata baada ya asidi amino za lisini na arginini. Maelezo ya kit yatakuongoza. Tatizo la kwetu ni vumbi. Upepo wa Julai hadi Oktoba ukivuma na dirisha likiwa wazi, keratini ya ngozi na nywele itajaza jeli. Funga madirisha, vaa glavu na kofia, sweta ya sufu ibaki nje, na jeli usiishike kwa mkono mtupu hata mara moja.

Pitisha pia sampuli tupu: bafa peke yake, tangu tyubu ya kwanza hadi mashine. Kinachoonekana humo kiondoe kwenye madai yako.

9. Hifadhidata ya kutafutia: hapa selimundu inakuwa rafiki

Anayekusaidia kwenye spektrometa atatumia orodha ya kawaida ya protini za binadamu. Orodha hiyo ina beta globini ya kawaida, haina ya selimundu. Usipoongeza mfuatano wa HbS (himoglobini ya selimundu), peptidi muhimu kuliko zote kwa mgonjwa wako haitaonekana.

Trypsini ikikata beta globini ya kawaida, kipande cha kwanza ni VHLTPEEK, kila herufi ikisimamia asidi amino moja. Kwa HbS glutamiki asidi imekuwa valini, na kipande kinakuwa VHLTPVEK. Tofauti hiyo hukuonyesha kama vijichembe vimetoka kwenye seli za mgonjwa au za damu aliyoongezewa. Kwa wagonjwa wanaoongezewa mara kwa mara swali hilo ni la msingi, maana seli za mchangiaji hukaa miezi.

Ila usikimbilie kuandika makala. Delta globini ya HbA2, himoglobini ndogo iliyomo kwa kila mtu, nayo huanza na VHLTPEEK, herufi kwa herufi. Mgonjwa wa SS (aliyerithi selimundu pande zote mbili) ambaye hajawahi kuongezewa damu bado atakuonyesha kiasi kidogo. Tenganisha kwa kipande kinachofuata: beta ni SAVTALWGK, delta ni TAVNALWGK. Na mchangiaji mwenye kurithi upande mmoja atakuletea VHLTPEEK na VHLTPVEK kwa pamoja, jambo la kawaida katika nchi yetu.

Kwa sampuli zenye malaria ongeza protini za Plasmodium falciparum. Kiwango cha makosa ya utambuzi kiwe asilimia 1, na protini yenye peptidi moja tu usiijengee hoja.

10. Kuisoma orodha

Orodha ya majina mia kadhaa haisemi kitu peke yake. Ukitaka kudai kwamba protini fulani "imechaguliwa" kuingia kwenye kijichembe, lazima uwe na utando wa seli nyekundu za mtu yuleyule, wa siku ileile, ulioendeshwa pamoja. Bila huo hujui kama stomatini ni nyingi kwenye kijichembe au ni nyingi kila mahali.

Amua pia unagawa kwa nini: kwa mililita ya plazma, kwa idadi ya vijichembe, au kwa mikrogramu ya protini. Majibu yatatofautiana, na mgonjwa mwenye vijichembe mara tatu zaidi anaweza kuonekana sawa na mzima ukipakia mikrogramu sawa. Mimi huona ni vyema kutoa mbili na kusema wazi ipi ilipangwa kabla.

Imunoglobulini G usiitupe haraka kwenye kapu la uchafu. Band 3 iliyoharibika huvutia kingamwili ya mwili wenyewe, na sehemu ya IgG inaweza kuwa imeshikilia kijichembe kweli. Osha kwa chumvi kali kidogo. Inayobaki ichunguze, ilinganishe na vijichembe ulivyotengeneza kutoka kwa seli zilizooshwa bila plazma. Ukivitengeneza kwa kalsiamu na iyonofori (kemikali inayoingiza kalsiamu ndani ya seli), kumbuka kwamba kalpaini, kimeng'enya kinachokata protini, nayo imeamshwa na imekata baadhi ya protini, kwa hiyo hivyo si mfano kamili wa kinachotokea mwilini.

Protini mbili au tatu zinazobeba hoja yako zithibitishe kwa Western blot (kipimo cha kutafuta protini moja kwa kingamwili yake), kwa watu ambao hawakuwamo kwenye kundi la kwanza. Kazi hiyo inafanyika hapahapa Dodoma bila kusafirisha kitu. Ianze wakati sampuli ziko njiani, kwa kujaribu kingamwili za stomatini na Band 3 kwenye vijichembe vya chupa ulivyobakiza tangu hatua ya kwanza.